Vidonge vya vimeng'enya na kinga dhidi ya virusi: muuzaji amepatia wapi, na amekosea wapi

Swali: "Nina miaka 34 na mwaka huu nimeshapata mafua mara nne. Kuna mtu ananiuzia vidonge vya vimeng'enya vilivyotokana na nanasi na papai, anasema sayansi imegundua kuwa vimeng'enya ndivyo vinavyowasha kinga ya mwili dhidi ya virusi. Nilipotafuta nikakuta wataalamu wenyewe wanaandika hivyo. Lakini dada yangu mkubwa ana baridi yabisi na anatumia tofasitinibu, ambayo karatasi yake inasema inazuia kimeng'enya. Sasa mimi niongeze vimeng'enya wakati dada anavizuia? Aache dawa? Na kwa nini ninayekaa naye chumba kimoja anapiga chafya siku mbili tu, mimi nalala wiki nzima?"

Ndugu msomaji, nianze na la haraka. Dada yako asiache dawa kwa sababu ya maneno ya muuzaji, wala kwa sababu ya haya nitakayoyaandika. Na wewe usinunue vile vidonge. Ila muuzaji wako hakutunga kila kitu. Ameokota ukweli wa maabara akaupachika kwenye chupa isiyohusika nao, ndiyo maana anasadikika.

Utata unaanzia kwenye jina. Kimeng'enya kimeitwa hivyo kutokana na kumeng'enya, kwa hiyo mtu akilisikia neno anawaza tumbo na chakula. Vimeng'enya vya tumboni ni kikundi kidogo tu. Ndani ya kila seli vimo vingine chungu nzima visivyosaga kitu, na vinavyohusika na swali lako kazi yao ni kubandika na kubandua. Kinasi hutia fosfeti, kibandiko kidogo cha kemikali chenye fosforasi, juu ya protini. Binadamu ana zaidi ya aina 500 za kinasi. Fosfatasi huja kuiondoa. Ligasi za ubikuitini, zaidi ya aina 600, hubandika protini ndogo iitwayo ubikuitini juu ya protini nyingine, na kuna takriban aina 100 za vimeng'enya vya kuibandua.

Kwa nini mwili uhangaike hivyo? Kwa sababu ya muda. Protini ni uzi wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo, na umbo likibadilika kazi inabadilika. Fosfeti moja ikitiwa kwenye serini, mojawapo ya asidi amino hizo, inaleta chaji hasi mahali ambapo hapakuwa na chaji yoyote. Sehemu iliyokuwa imeegemea hapo inasukumwa, au mlango uliokuwa wazi unajifunga. Hilo linatimia kwa sekunde au dakika. Kutengeneza protini mpya kuanzia kwenye jeni kunachukua muda mrefu zaidi, na virusi havingoji. Kwa hiyo seli huweka walinzi wake tayari wameshatengenezwa ila wamefungwa, kisha hutumia vibandiko kuwafungua.

Ubikuitini inastahili maelezo kidogo, maana ndiyo inayochanganya watu wengi, hata wanafunzi wa biolojia. Ni protini ya asidi amino 76. Hupokezanwa na vimeng'enya vitatu, E1, E2 na E3, na huyo E3 ndiye ligasi, mchaguzi wa nani abandikwe. Juu ya ubikuitini ya kwanza inaweza kushikizwa ya pili, ya tatu, hadi kuwe na mnyororo. Pingili hushikana kwenye mojawapo ya laisini zake saba (laisini nayo ni asidi amino), au kwenye ncha yake ya mbele, na mahali zinaposhikana ndipo penye ujumbe. Mnyororo uliounganishwa kwenye laisini ya 48 kwa kawaida ni hukumu: protini iliyouvaa inapelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuharibu protini, ikakatwekatwe. Ugunduzi wa njia hiyo ya kuharibu protini ndio uliowapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Mnyororo wa laisini ya 63 hauui. Huo ni kama jamvi lililotandikwa ili protini nyingine zije kukaa na kufanya kazi pamoja. Ubikuitini ni ile ile, ila hapa inaua na pale inaamsha.

Sasa tufuatilie virusi vya influenza, yaani homa ya mafua makali, vikiingia kwenye seli ya koo. RNA ya ujumbe (nakala ya maagizo ya jeni) inayotengenezwa na seli yako huvishwa kofia ya kemikali kwenye ncha yake ya mbele. RNA yenye jeni za kirusi ina fosfeti tatu tupu hapo. Kihisio kiitwacho RIG-I kinatafuta ncha ya namna hiyo. Wakati wa amani RIG-I imejikunja, sehemu zake mbili za kutoa ishara zimefichwa, na juu ya hapo kuna komeo la ziada: kinasi zimetia fosfeti kwenye serini namba 8 na threonini namba 170, yaani asidi amino ya 8 na ya 170 kwenye uzi wake.

RIG-I ikishika RNA ya kirusi inakunjuka, na fosfatasi iitwayo PP1 inaondoa zile fosfeti mbili. Hapo ligasi zinapata nafasi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba ligasi TRIM25 hujenga mnyororo wa laisini ya 63 juu ya RIG-I kwenye laisini namba 172. Tazama namba hizo: 170 na 172. Zimepishana kwa hatua mbili. Fosfeti ikiwa bado imekaa kwenye 170, TRIM25 haishiki vizuri. Ni kama kufuli lililoning'inizwa mbele ya tundu la ufunguo. Baadaye ligasi nyingine, RIPLET, imeonekana kuwa na uzito zaidi katika kuiamsha RIG-I, na mjadala wa nani anafanya kiasi gani haujafungwa. Mpangilio wa hatua lakini ni huo: fosfeti inatoka, ubikuitini inaingia.

RIG-I zilizofunguliwa hushikana nne nne na kuigusa protini MAVS, iliyotia nanga juu ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli. MAVS moja ikigeuka umbo inamgeuza jirani, naye anamgeuza mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu. Nyuzi hizo zinaita ligasi nyingine, majamvi ya ubikuitini yanatandikwa tena, na kinasi TBK1 inaletwa. TBK1 inatia fosfeti kwenye protini IRF3. IRF3 zinaungana mbili mbili, zinaingia kwenye kiini cha seli, na jeni ya interferoni, protini ya kutoa tahadhari, inawaka. DNA ya virusi, kwa mfano ya malengelenge (herpesi), ina kihisio chake, cGAS, na njia inayopitia protini STING, lakini nayo huishia kwa TBK1 yule yule.

Interferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Seli iliyovamiwa huimwaga nje ili majirani wajiandae. Ikigusa kipokezi cha jirani, kinasi mbili zilizokaa chini ya kipokezi hicho, JAK1 na TYK2, zinatia fosfeti kwenye protini za STAT, nazo zinakwenda kwenye kiini na kuwasha mamia ya jeni za kupambana na virusi. Uchovu na maumivu ya mwili unayoyasikia ukiwa na mafua makali yanatokana kwa sehemu kubwa na interferoni na wajumbe wenzake, yaani na kinga yenyewe ikiwa kazini. Jina JAK likumbuke, tutalirudia kwa dada yako.

Upande ambao wauzaji hawaugusi ni wa kuzima. Ligasi RNF125 inaivalisha RIG-I mnyororo wa laisini ya 48 ili iharibiwe. A20 inazuia ishara isiendelee. Fosfatasi zinaiondolea IRF3 fosfeti zake. USP18 inakaa kwenye kipokezi cha interferoni na kumzuia JAK1. Ukitaka kujua breki hizi zina thamani gani, angalia watoto waliozaliwa nazo zikiwa mbovu. Wanaokosa USP18 huzaliwa na madhara kwenye ubongo yanayofanana na ya maambukizi ya tumboni mwa mama, ilhali hakuna kirusi kinachopatikana. Interferoni yao wenyewe haizimiki. Mwaka 2014 zilielezwa pia familia ambazo STING yao imekwama kwenye kuwaka: watoto wana homa zisizoisha, vidonda kwenye ngozi ya vidole, masikio na pua, na mapafu yanayoharibika. Kinga yao imewashwa usiku na mchana, sawasawa na ahadi iliyoandikwa kwenye chupa nyingi za "kuongeza kinga". Na wanatibiwa kwa nini? Mara nyingi kwa dawa za kuzuia JAK, za ukoo ule ule wa dawa ya dada yako.

Virusi navyo vinaijua mitambo hii, na vinaishambulia kwenye vibandiko hasa. Protini NS1 ya influenza inamkamata TRIM25 asifanye kazi. Kirusi cha homa ya ini ya C kina mkasi wake, NS3/4A, unaoikata MAVS ing'oke kwenye mitokondria. Kirusi cha Zika kinaifanya STAT2 ya binadamu iharibiwe, lakini ya panya hakiiwezi. Ndiyo maana panya wa kawaida wa maabara haugui Zika, na watafiti hulazimika kutumia panya wasio na kipokezi cha interferoni. VVU vinateka ligasi ya seli yako mwenyewe na kuielekeza ibandike ubikuitini ya kifo juu ya APOBEC3G, mlinzi ambaye angeziharibu jeni zake. Kirusi cha UVIKO-19 kina kimeng'enya kiitwacho PLpro, kinachobandua ubikuitini pamoja na binamu yake, ISG15, kutoka kwenye protini za kinga.

Turudi kwenye chupa yako. Bromelaini ya nanasi na papaini ya papai ni protiasi: vinakata protini, havibandiki kitu. Hata vingekuwa vinabandika, ni protini, na protini ikiingia tumboni inamezwa na asidi na kukatwa kama nyama yoyote. Kiasi kidogo mno kinaweza kupenya hadi kwenye damu, lakini kati ya damu na RIG-I kuna utando wa seli ambao protini ya ukubwa huo haiuvuki yenyewe. Vidonge vya vimeng'enya vina mahali pake, kwa mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi vya kutosha, na hapo vinafanya kazi humo humo utumboni. Tena si kweli kwamba "havina madhara": bromelaini inaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kuna watu wenye mzio wa papaini.

Najua atakachokuja nacho baadaye, maana kwa kawaida ndicho kinachofuata: zinki. Hapo kuna chembe ya ukweli zaidi. Ligasi nyingi za ubikuitini, TRIM25 ikiwemo, zina sehemu inayoshikilia ayoni mbili za zinki ili isimame kwenye umbo lake. Mwenye upungufu wa zinki anafaidika akirudishiwa. Asiye na upungufu hapati ligasi za ziada kwa kumeza zaidi. Idadi yake inaamuliwa na jeni, na kila moja inashika ayoni chache tu. Ukizidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, unaanza kuhatarisha upungufu wa shaba, ambao huleta upungufu wa damu na ganzi miguuni.

Je, ipo dawa inayowasha njia hii kweli? Ipo: interferoni yenyewe, kwa sindano. Kwa miaka mingi homa ya ini ya C ilitibiwa kwa sindano ya kila wiki pamoja na ribavirini, mara nyingi kwa wiki 48. Wagonjwa walikuwa na homa na maumivu ya mwili kila baada ya sindano, wengine waliangukia kwenye sonona, na kwa aina ya kirusi iliyo sugu walipona karibu nusu tu. Dawa za sasa zinazoshambulia kirusi chenyewe, zikiwemo za kuuzuia ule mkasi wa NS3/4A, huponya zaidi ya 95% kwa wiki 8 hadi 12. Kinachoweza kuwasha kinga kwa nguvu kitakuonyesha kuwa kimewasha, na utakisikia mwilini. Kidonge cha "kuongeza kinga" kinachokuacha bila dalili yoyote, bila homa wala uchovu, hakijawasha hicho kinachotajwa.

Kuhusu dada yako. Tofasitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga inashambulia viungo vya mwili wenyewe. Inazuia hasa JAK1 na JAK3, yaani inapunguza fosfeti zinazotiwa kwenye STAT na ishara zinazochoma viungo vyake. Kiwango chake kwenye damu hushuka kwa nusu kila saa tatu hivi, kwa hiyo njia haifungwi kabisa kutwa kucha. Lakini sitaficha: njia inayozuiwa inahusiana na ile ya interferoni, na gharama yake inaonekana wazi. Wanaotumia dawa za ukoo huu wanapata mkanda wa jeshi zaidi ya wasiotumia, kwa sababu kirusi cha tetekuwanga kilicholala kwenye neva kinapata upenyo. Tangu 2021 zina pia onyo kali juu ya matatizo ya moyo, kuganda kwa damu na saratani, hasa kwa wavutaji sigara na wenye umri mkubwa. Hayo ni ya kuzungumza na daktari wake kwa kina. Upande wa pili wa mizani ni viungo vinavyoharibika bila kurudi ugonjwa ukiachwa wazi.

Tena kuzuia JAK si adui wa mgonjwa wa virusi kila mara. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza barisitinibu, ndugu ya dawa hiyo, kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 pamoja na steroidi, kwa sababu kufikia hatua hiyo uharibifu mwingi wa mapafu unatokana na uvimbe wa kinga isiyozimika. Dawa ile ile siku ya pili ya maambukizi ingekuwa jambo jingine.

Sasa wewe na mwenzako. Mtu mzima mwenye afya hupata mafua mara mbili au tatu kwa mwaka. Mara nne hainitishi, hasa kama kuna watoto wadogo karibu. Virusi vya rino, vinavyoleta mafua ya kawaida, peke yake vina aina zaidi ya 100. Huenda mwenzako alishakutana na aina hii akawa na kingamwili zake, wewe ukawa mgeni nayo. Usingizi nao una uzito kuliko kidonge chochote cha dukani: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watu 164 walitiwa kirusi cha rino puani kwa makusudi, na waliolala chini ya saa sita kwa usiku walipata mafua karibu mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba.

Wapo watu wachache ambao tofauti yao iko kweli kwenye mitambo niliyoieleza. Mwaka 2020 ilionekana kwamba kati ya wagonjwa 987 wenye nimonia ya kutishia maisha ya UVIKO-19, 101 walikuwa na kingamwili zinazoiua interferoni yao wenyewe. Kati ya 663 walioambukizwa bila dalili au kwa dalili nyepesi, hakukuwa na hata mmoja. Hitilafu ya jeni ya TBK1 imepatikana kwa baadhi ya watoto ambao kirusi cha malengelenge (herpesi) kilipanda hadi kwenye ubongo. Lakini hao hawajulikani kwa wingi wa mafua. Wanajulikana kwa kirusi cha kawaida kilichowaangusha kwa namna isiyo ya kawaida.

Kwa hiyo nenda kwa daktari kama umepata nimonia mara mbili ndani ya mwaka, kama maambukizi yamehitaji dawa za mshipa au hayakuisha kwa dawa za kawaida, kama una utando mweupe mdomoni unaorudi, unapungua uzito bila sababu, au kuna ndugu wa damu aliyefariki mdogo kwa maambukizi. Ataanza na hesabu kamili ya damu, kipimo cha VVU, sukari na viwango vya kingamwili. Usikubali kulipia "kipimo cha vimeng'enya vya kinga": hospitali haipimi TRIM25, na vipimo vya jeni huombwa na daktari bingwa wa kinga baada ya hivyo vya kwanza kuonyesha jambo.

Dada yako akipata mafua mepesi, kwa kawaida anaendelea na dawa. Akipata homa, kifua kinachobana, au maambukizi yanayohitaji antibiotiki, apige simu kliniki kabla ya kumeza dozi inayofuata. Mara nyingi ataambiwa asimamishe kwa muda, kisha arudie. Chanjo zenye virusi hai aziepuke akiwa kwenye dawa hii, ila aulize chanjo ya mkanda wa jeshi isiyo na kirusi hai, inayotolewa kwa dozi mbili. Na akiona maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili au uso, yakifuatwa na malengelenge kwenye mstari, aende siku hiyo hiyo. Dawa za kukizuia kirusi hicho hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee, na ukiwa karibu na jicho hata hizo ni nyingi.